Chanjo Jumamosi, kisha tubadilishane majogoo wa Kuchi (aina ya kuku wa kienyeji)

Habari za jioni, wafugaji wenzangu.

Jumamosi hii mchanjaji wa mdondo (kideri, ugonjwa wa kuku) atapita nyumba kwa nyumba kuanzia saa 12 asubuhi. Msifungulie kuku mpaka afike.

1. Mchango ni sh. 100 kwa kuku, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 12 jioni. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo hesabu iwe kamili.

2. Ni tone moja jichoni. Subirini kuku apepese ndipo mmwachie. Anayezubaa au kuharisha kijani asichanjwe. Mtengeni, mtuambie.

3. Majogoo tutabadilishana wiki 3 baadaye, kinga ikishashika. Jogoo mgeni akae peke yake siku 14. Wengi huteleza hapa: mbegu ya jogoo aliyeondoka hubaki kwa mtetea hata wiki 3. Mayai ya kipindi hicho kaangeni tu. Mkiyaatamisha, vifaranga huenda wakawa wa baba yuleyule wa zamani. Jogoo mmoja atosha mitetea 8 hadi 10.

Chotara haingii kwenye mzunguko, hata awe mkubwa vipi. Tunataka shingo ndefu, mdomo mfupi uliopinda, kilemba kidogo.

Tafadhali kila mmoja athibitishe hapa leo: jina, idadi ya kuku, na kama ana jogoo wa kutoa. Asanteni.