Begi la kwenda nalo msituni

Ndugu yangu Salum,

Barua yako nimeipata, pamoja na orodha ya vitu unavyotaka kubeba kwenye safari yako ya kupiga picha za wanyama katika msitu wenye mvua. Nimeisoma nikauonea huruma mgongo wako. Lenzi nne, tripodi, kompyuta! Kwenye joto la namna ile, mzigo ukizidi humusi ya uzito wako utakuwa unatazama miguu yako tu, na wanyama wanapita.

Najua kinachokukosesha usingizi ni kamera kunyeshewa. Mvua haina shida kubwa: ukiwa na mfuniko wake, au hata mfuko mzito wa plastiki uliotobolewa pa kutokezea lenzi na kufungwa kwa mpira, unafanya kazi. Kile kikinga mwanga cha mbele ya lenzi kiache mahali pake hata kama hakuna jua, kinazuia matone yasifike kwenye kioo. Mimi naogopa zaidi unyevu wa hewani. Kamera ikilala kwenye chumba chenye kiyoyozi, inaamka baridi. Ukitoka nayo alfajiri, hewa ya nje yenye joto na unyevu ikigusa tu kioo, kinaingia umande na kuwa cheupe. Unakifuta, kinarudi vilevile, na inaweza kupita nusu saa hujapiga hata picha moja. Kwa hiyo ilaze mahali pasipo na kiyoyozi, hata bafuni. Ikishindikana, ifunge kabisa kwenye mfuko usioingiza hewa ukiwa bado ndani, kisha itoe nje hivyohivyo mpaka ipate joto. Umande utakaa juu ya mfuko. Na wakati huo usithubutu kubadilisha lenzi, utaukaribisha unyevu ndani kabisa.

Vile vipakiti vya silika, vya chembe zinazofyonza unyevu, vinasaidia, lakini ndani ya kitu kilichofungwa tu. Ukivitupia kwenye begi lenye zipu wazi, unajaribu kukausha msitu mzima. Nunua vyenye chembe za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishashiba maji, ujue lini vimechoka; ukivipasha joto kwenye oveni vinakauka na kutumika tena. Na jioni, hata ukiwa hoi, usiiache kamera ndani ya begi bichi. Itoe, ifute, ipate hewa. Kuvu wa kwenye lenzi anapenda giza na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi. Akishaota anatandaza nyuzi juu ya kioo, na huenda akala ule utando wake wa juu. Hapo hata fundi akimwondoa, alama inabaki.

Sasa hizo lenzi. Ile ya milimita 600 inayopita kilo tatu iache. Kwenye msitu mnene mnyama mara nyingi yuko karibu, kajificha nyuma ya majani, nawe utapiga majani. Chukua lenzi moja ya zumu, ya milimita 100 hadi 400, na ile fupi ya kupigia vitu vidogo pamoja na flashi yake. Vyura na wadudu ndio utajiri wa msitu wenye mvua, na wengi wao hawakukimbii. Tripodi nayo iache, beba monopodi, ile ya mguu mmoja: ni fimbo ya kutembelea kwenye utelezi, na inatuliza mkono chini ya miti ambako mwanga ni haba mno.

Dawa ya mbu, soma kibandiko. DEET, kemikali iliyomo kwenye dawa nyingi za mbu, inalainisha plastiki na mpira. Ukiishika kamera viganja vikiwa na dawa, utakuta vidole vyako vimechorwa kwenye mshikio. Dawa zenye kemikali nyingine, pikaridini, hazina tabia hiyo. Vyovyote vile, usiguse chura kwa mikono yenye dawa, ngozi yake inafyonza kila kitu. Na buti zako zisafishe tope lote kabla ya kuhamia msitu mwingine, maana kuvu wanaoua vyura husafiri na tope.

Nguo za pamba ziache nyumbani, zikilowa hazikauki. Suruali ndefu nyepesi, miguu yake ichomekwe ndani ya soksi ndefu zilizofumwa kwa kubana, vinginevyo ruba watakula kwako. Akikung'ata, usimtie chumvi wala moto. Mpenyezee ukucha pale alipojishikiza, ataachia. Jozi moja ya soksi kavu iwe ya kulalia tu. Utaitamani asubuhi zile nyingine zikiwa mbichi, usiiguse!

Watacheka, lakini beba mwavuli. Koti la mvua kwenye joto linakulowesha kwa jasho, na huwezi kubadilisha kadi au betri chini ya koti. Betri za akiba na kadi zifunge pamoja kwenye kimfuko kisichoingiza maji, uziweke juu, pamoja na kitambaa cha kufutia. Nguo kavu chini kabisa, ndani ya ule mfuko usioingiza maji, wa kukunja mdomo. Maji hesabu nusu lita kwa saa, na kwenye mwinuko zaidi, pamoja na paketi kadhaa za chumvichumvi za kuchanganya.

Monopodi usinunue. Ninayo moja imekaa tu, niambie unaondoka lini nikutumie.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Hamisi