Nalipa ushuru wa zabibu, halafu naambiwa sina kazi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa bado nafundisha, na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Habari yenu ya majuzi kuhusu nani asimamie uchaguzi wa serikali za mitaa iliishia kwa wanasheria na viongozi wa vyama. Sisi tuliofungiwa mlango huku vijijini hamkutuuliza.

Mwaka 2024 nilichukua fomu kugombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji kwa tiketi ya chama cha upinzani. Kuchukua na kurudisha tulipewa siku saba, tarehe 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Siku mbili za mwisho ofisi ilikuwa na kufuli. Niliketi kwenye baraza yake tangu saa mbili asubuhi, fomu nimeibana ndani ya daftari isiloe jasho. Saa tisa alasiri akaja kijana na pikipiki, akaipokea bila kunipa hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba kaipokea. Majina yalipobandikwa, langu lilikuwa limekatwa, eti sina shughuli halali ya kuniwezesha kuishi. Mhariri, nina ekari moja na nusu ya zabibu! Kila msimu nikipeleka mzigo nasimamishwa kwenye kizuizi, mashine inatoa stakabadhi yenye jina langu na kilo zangu. Wanaonitoza ushuru wa mazao ndio hao hao wanaosema silimi. Nikakata rufani, nikaambatanisha stakabadhi nne. Kamati ya rufani inaongozwa na Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye yuko chini ya Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya ni mjumbe wa kamati ya siasa ya wilaya ya CCM, chama tawala. Sasa hapo nilikuwa namshtaki nani kwa nani? Jibu lilikuja la mstari mmoja: rufani imekataliwa. Tarehe 27 Novemba mpinzani wangu wa CCM akashinda, na nchi nzima CCM ikatangazwa kushinda uenyekiti wa vijiji kwa asilimia 99.

Na sheria ipo. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imeitaja Tume kuwa ndiyo itakayosimamia uchaguzi huu, kwa utaratibu utakaotungiwa sheria. Uchaguzi ukafika sheria hiyo haijatungwa, ukaendeshwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa chama kilichoshinda.

Tena afadhali niseme na la mabalozi wa nyumba kumi. Vyama vingi vimerudi tangu 1992, lakini mjukuu wangu alipotaka barua ya utambulisho kwa ajili ya mkopo wa chuo, alirudishwa kwanza kwa balozi. Balozi ni kiongozi wa CCM wa nyumba kumi, si wa serikali! Mtoto alizunguka siku tatu kumtafuta mtu asiye mtumishi wa umma ili athibitishe kuwa anaishi kwa bibi yake.

Ninachoomba nimekiona kwenye VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanachama watatu tofauti. Hata mwenyekiti wetu hawezi kulifungua peke yake, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa matusi. Ofisi ya kupokea fomu ifanywe vivyo hivyo: ufunguo mmoja mtumishi wa Tume, wa pili wakala wa chama tawala, wa tatu wakala wa upinzani. Atakayepokea fomu aandike saa, atie sahihi, na nakala moja abaki nayo mgombea. Mlango ukikutwa umefungwa, fomu ipokelewe na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kwa muhuri wa shule.

Stakabadhi zangu nne ninazo, ila wino wa mashine zile unafifia haraka. Ukituma mwandishi, aje kabla hazijafutika.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Dodoma