Duka la mtandaoni likizima, tuambieni kwanza pesa zetu ziko wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nisemee hili suala la maduka ya mtandaoni kuzima ghafla, maana kila likitokea naona habari inaandikwa vilevile: tovuti haikupatikana kwa masaa kadhaa, wateja wamelalamika, kampuni imeomba radhi kwa usumbufu, kwisha. Yule aliyekuwa anaangalia angalia tu bidhaa kweli kasumbuka kidogo, ila kuna yule aliyekuwa ameshabonyeza LIPA, na huyo hakuna anayemuuliza.

Niseme mapema kwamba kuzima kwenyewe sina ugomvi nako. Mitambo ni mitambo. Amazon na ukubwa wao wote, tarehe 16 Julai 2018 siku ya ofa yao kubwa ya Prime Day, watu waliingia wakakutana na picha za mbwa (ndio, mbwa, ndivyo ulivyo ukurasa wao wa kuomba radhi) kwa sababu watu walimiminika mara tu ofa ilipofunguliwa na seva, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti, zikalemewa. Na mara nyingi duka lenyewe halina hata kosa, limepanga kwa mtu. Juni 2021 kampuni ya Fastly, ambao kazi yao ni kusogeza kurasa za tovuti za wengine karibu na watumiaji ili zifunguke haraka, mteja wao mmoja tu alibadilisha mipangilio yake, kitu halali kabisa, ikaamsha kasoro iliyokuwa imejificha kwenye programu yao na asilimia 85 ya mtandao wao ikaanza kurudisha hitilafu. Sasa hapo muuza viatu mtandaoni utamlaumu kwa lipi?

Ninachogombana nacho ni ukimya kuhusu pesa.

Shemeji yangu juzi juzi alikuwa ananunua kitu kwenye duka moja, silitaji, kajaza kikapu, kaweka anuani, kabonyeza kulipa, kale kaduara kakazunguka weee halafu ukurasa mweupe umeandikwa 504, namba ya hitilafu. Kabla hajaweka simu chini meseji ya benki ikaingia, pesa zimetoka. Akafungua upande wa oda, hakuna kitu. Kikapu bado kimejaa vilevile kama hajalipa. Sasa mtu mwenye akili timamu afanye nini hapo? Kikapu kinasema hujalipa, benki inasema umelipa, na duka lenyewe halifunguki uliulize. Akabonyeza tena, benki ikatuma meseji ya pili. Ninyi mngefanya nini?

Kwa wasiojua, kulipa kwa kadi si tendo moja. Kwanza benki inaulizwa kama pesa zipo, inazizuia, halafu duka linaandika oda, halafu ndio pesa zenyewe zinachukuliwa. Mfumo ukikata katikati, benki imeshazuia chake ila duka halina kumbukumbu yoyote kwamba wewe upo. Mara nyingi pesa iliyozuiwa bila kuchukuliwa hujiachia yenyewe baada ya siku kadhaa kutegemea na benki, ila siku hizo kadhaa ni zako wewe kuhangaika nazo, si za duka. Na mafundi wanajua dawa yake tangu zamani, kila jaribio la kulipa linapewa namba yake ya kipekee, ukibonyeza mara ya pili kwa oda ileile mfumo unatambua ni kitu kilekile na haukati tena. Haihitaji uchawi. Duka ambalo mpaka leo linakata mara mbili kwa sababu mteja kabonyeza mara mbili limeamua tu kutoshughulika.

Kwa hiyo wenzangu wanunuzi, kwa uzoefu wa haya mambo, likizima ukiwa katikati ya kulipa acha hicho kitufe kwanza. Angalia imeili kama kuna uthibitisho wa oda, angalia meseji za benki, piga skrinshoti ya huo ukurasa na saa ionekane juu, hiyo ndiyo itakayokutetea ukianza kubishana nao. Jaribu kutoka kwenye waifai uingie kwa bando, maana wakati mwingine tatizo liko kwako wala sio kwao. Ukiona namba zinazoanza na 5, mfano 500, 502, 503, 504, hilo ni la kwao, hata ukizima simu ukawasha mara kumi halibadiliki. Na msikimbilie kufuta data za brauza au kufuta apu kama wanavyoshauri wajuaji, kama ulikuwa hujaingia kwenye akaunti yako kikapu mara nyingi kinakaa humohumo kwenye brauza, ukifuta umekifuta na chenyewe. Kurifreshi kila sekunde nako tupunguze, seva inayojaribu kuamka ikikuta watu wote tumejazana mlangoni kama abiria wa basi la mwisho inadondoka tena. Kama wamekuweka kwenye ukurasa wa foleni ndio kabisaaa usiguse, kuna mifumo ukirifreshi unarudishwa nyuma ya mstari.

Halafu matapeli. Hawa watu sijui wanalala saa ngapi, duka likizima tu tayari kwenye mitandao ya kijamii kuna akaunti yenye nembo ya duka inamjibu kila anayelalamika, "pole ndugu mteja, tutumie namba yako ya oda na ya kadi tukurudishie pesa", na linki juu. Wanajua huo ndio muda ambao mtu ana hasira na haraka na duka halisi halipokei simu. Huduma kwa wateja ya kweli haihitaji namba ya siri wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji, akiiomba tu huyo ni mwizi.

Lakini sioni kwa nini mzigo wote huu abebe mnunuzi. Duka lina uwezo wa kuweka ukurasa mdogo wa taarifa, tena ukae kwenye seva nyingine kabisa, sio kama Amazon Web Services, kitengo cha Amazon kinachokodisha seva kwa kampuni nyingine, Februari 2017, fundi alikosea amri moja, seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondoka hewani, na ukurasa wao wa kuonyesha hali ya huduma ulikuwa unategemea mfumo huohuo uliozima kwa hiyo ukaendelea kuonyesha kijani kila kitu kiko sawa! Kwenye huo ukurasa waandike kwa lugha ya kawaida: aliyelipa kuanzia saa fulani mpaka saa fulani oda yake imeingia au haijaingia, asilipe tena, pesa iliyokatwa mara mbili itarudi kufikia lini. Kama ofa ilikuwa inaisha siku hiyo waisogeze mbele kwa masaa yaleyale waliyozima, na kuponi iliyomezwa wairudishe bila mtu kuomba. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walipozima karibu masaa 22 Juni 1999 waliwarudishia wauzaji ada zao, na enzi hizo biashara ya mtandaoni ilikuwa bado changa. Sasa hawa wa leo wanatutumia "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" na kauso ka huzuni.

Nawe Mhariri nakuomba kitu kimoja, waandishi wako wakipata tena habari ya duka la mtandaoni kuzima wasiishie kuuliza limerudi saa ngapi. Wawaulize ni oda ngapi zilikwama zikiwa zimeshalipiwa, na waliokatwa mara mbili wanarudishiwa lini, halafu mchapishe majibu, na wasipojibu mchapishe kwamba hawajajibu.

Msomaji wako wa siku nyingi