Minnesota, tiketi haiko mfukoni mwa mwenyekiti

Mhariri,

Tangu Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, achaguliwe Novemba 2024 kuwakilisha eneo la Brooklyn Park katika bunge la jimbo la Minnesota, Marekani, siasa za huko zimekuwa zikisimuliwa hapa nyumbani kana kwamba ni za Kisii au Nyamira. Utasikia fulani kapewa tiketi, mwingine kanyimwa na makao makuu. Chama alichopitia kinaitwa DFL, yaani Chama cha Wademokrasia, Wakulima na Wafanyakazi, na ndicho tawi la Democratic katika jimbo hilo. Chama hicho hakina tiketi ya kumpa wala kumnyima mtu.

Hapa Kenya, bila cheti cha uteuzi kutoka chamani, jina lako haliingii kwenye karatasi ya kura isipokuwa uwe mgombea huru. Kule, anayetaka ubunge wa jimbo hulipa serikali dola 100, wa ugavana dola 300, au akakusanya sahihi za wapiga kura badala ya kulipa, na jina lake linaingia kwenye mchujo wa Jumanne ya pili ya Agosti. Mchujo huo huendeshwa na serikali, si na chama. Wapiga kura hawajiandikishi kwa chama chochote. Karatasi ina safu za vyama, nawe unachagua safu moja kwa siri. Ukichanganya safu mbili, kura zako za mchujo zimeharibika.

Kilicho mikononi mwa chama ni idhini. Mkutano wa wajumbe ukimpa mwaniaji asilimia 60 ya kura, anakuwa chaguo rasmi la DFL: anatumia orodha ya wapiga kura ya chama, na jina lake linachapishwa kwenye karatasi ya mfano wanayogawiwa wafuasi. Hiyo ni mali kubwa kwa anayewania kiti cha wilaya. Kwa ugavana, rekodi yake inachekesha. Mwaka 1982 idhini alipewa Warren Spannaus, lakini mchujoni akashinda Rudy Perpich. Mwaka 2010 alipewa Margaret Anderson Kelliher, akashinda Mark Dayton, ambaye hata hakuitafuta. Mwaka 2018, mjini Rochester, wajumbe walimchagua Erin Murphy, na Agosti wapiga kura wakamchagua Tim Walz. Tangu Wendell Anderson mwaka 1970, hakuna mwaniaji wa DFL ambaye hakuwa tayari gavana aliyeidhinishwa na mkutano akaishia kuingia ikulu ya jimbo.

Wajumbe hao hawateuliwi na mwenyekiti wala na mzee yeyote wa eneo. Wanatoka kwenye vikao vya mashinani, vinavyofanyika mapema mwaka wa uchaguzi mkuu, usiku mmoja jimbo zima, kuanzia saa moja jioni, mara nyingi katika madarasa ya shule. Hesabu za usiku huo ndizo zinazowashinda wageni wengi, wakiwemo ndugu zetu wanaofika wamejaa shauku na kuondoka bila mjumbe hata mmoja.

Tuseme chumba kina watu 120 na kinastahili wajumbe 12. Unagawanya 120 kwa 12, unapata 10. Kikundi chenye watu pungufu ya 10 hakipati kitu. Mtu yeyote anaweza kusimama akatangaza kikundi chake, kwa jina la mwaniaji, kwa suala la elimu au makazi, au kwa vyote viwili pamoja, kisha watu wanatembea hadi pembe wanayoitaka. Wanahesabiwa. Vikundi vidogo vinapewa muda wa kuungana au kuhamia vingine, halafu wanahesabiwa tena na milango ya kuhama inafungwa. Tuseme mwisho kuna vikundi vitatu, vya watu 57, 38 na 25. Gawanya kila kimoja kwa 10: 5.7, 3.8 na 2.5. Namba kamili zinatoa wajumbe 5, 3 na 2, jumla 10. Nafasi mbili zilizobaki zinakwenda kwa wenye masalio makubwa zaidi, yaani 0.8 na 0.7. Matokeo ni 6, 4 na 2.

Tazama kikundi cha tatu. Watu 25 wamepata wajumbe wawili, ambao hata watu 20 wangewapata. Wale watano wa ziada wamepotea bure. Mratibu hodari huwa na kalamu mkononi, na kabla hesabu ya mwisho haijapigwa huwatuma watano wake wakaongeze nguvu kwa kikundi rafiki. Asiyejua hujivunia wingi wa watu kwenye pembe yake.

Historia yote ya chama hiki imeamuliwa katika vyumba vya namna hiyo. Chama cha Wakulima na Wafanyakazi kilikuwa na nguvu zake chenyewe: kilitoa gavana Floyd B. Olson, aliyefariki akiwa madarakani mwaka 1936, kisha Elmer Benson, aliyebwagwa vibaya na Harold Stassen wa Republican mwaka 1938. Chama cha Democratic cha jimbo kilikuwa kidogo. Viliungana Aprili 1944, Elmer Kelm wa Democratic akashika uenyekiti, na Hubert Humphrey, baadaye Makamu wa Rais wa Marekani, akiwa miongoni mwa wapishi wa muungano. Mwaka 1946 mrengo wa kushoto ulijaza vikao vya mashinani, ukatwaa chama, na Humphrey akazomewa katika mkutano mkuu. Miaka miwili baadaye kundi lake liliwalipa kwa mbinu ileile: lilijaza vikao, likashika uongozi, na Orville Freeman akawa mwenyekiti. Benson na wenzake waliondoka kumfuata Henry Wallace, aliyekuwa akiwania urais kwa chama cha tatu. Humphrey alichaguliwa kuingia Seneti ya Marekani mwaka huohuo, naye Freeman akachaguliwa gavana mwaka 1954, wa kwanza kutoka DFL.

Vyumba hivyo vina ubaya wake pia. Februari 2014, kikao cha Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali mjini Minneapolis, kilifurika watu kikavunjika kwa vurugu. Ilhan Omar, aliyewahi kuishi katika kambi ya wakimbizi ya Utange, Mombasa, na baadaye akachaguliwa katika Bunge la Marekani, aliumizwa humo. Miaka miwili baadaye, Omar alipowania ubunge wa jimbo, mkutano wa eneo hilo haukumpa mtu yeyote asilimia 60. Yeye alikwenda kwenye mchujo wa Agosti bila idhini, akamwangusha Phyllis Kahn aliyekuwa bungeni tangu 1973. Hapo ndipo safari yake ilipoanza, na makao makuu hayakumpa chochote.

Kisa cha 2025 kinaonyesha ni wapi hasa mkono wa uongozi wa jimbo unafika. Julai, tawi la Minneapolis lilimwidhinisha Omar Fateh, seneta wa jimbo, kwa umeya dhidi ya Jacob Frey, wote wana-DFL. Mfumo wa kielektroniki wa kura uliwayumbisha, na uamuzi wa mwisho ukafanywa kwa kuinua beji. Agosti, kamati ya katiba na kanuni ya jimbo iligundua kuwa kura 176 za duru ya kwanza hazikuhesabiwa na kwamba mwaniaji wa tatu, DeWayne Davis, alienguliwa kimakosa. Idhini ilifutwa na tawi likawekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Watu walikasirika, wengine kwa haki, maana kufuta bila kuitisha mkutano mpya ni tiba nusu. Lakini jina la Fateh lilibaki kwenye karatasi ya kura. Frey alishinda Novemba kwa kura za wananchi.

Mwenyekiti basi anafanya nini? Anatafuta pesa, analea ile orodha ya wapiga kura, anaajiri waratibu, anapatanisha matawi. Anachaguliwa na kamati kuu ya jimbo kila baada ya miaka miwili, na chama kinaweza kumbadilisha bila kelele. Ken Martin aliifanya kazi hiyo kuanzia 2011 hadi Februari 2025, alipochaguliwa mwenyekiti wa Democratic wa taifa zima akimshinda Ben Wikler, aliyekuwa mwenyekiti wa chama katika jimbo jirani la Wisconsin. Mrithi wake ni Richard Carlbom, aliyeongoza kampeni ya kupinga pendekezo la kupiga marufuku ndoa za jinsia moja katika kura ya maoni ya mwaka 2012.

Wenye jamaa Minnesota wawaambie jambo moja ambalo waajiri hawalitangazi: sheria ya jimbo inamlazimu mwajiri kumruhusu mfanyakazi kuhudhuria kikao hicho cha jioni, mradi amempa notisi ya maandishi siku 10 kabla. Mshahara wa saa hizo unaweza kukatwa, lakini adhabu nyingine hairuhusiwi.

Msomaji wenu,
Nairobi