Msemaji wa kampuni awe na sauti pale saiti

Mhariri,

Kila nikifungua gazeti nakuta wakurugenzi wa kampuni za ujenzi na viwanda wakipanda miche, wakigawa madawati, wakikata utepe. Sina ubaya na madawati. Ila naomba nafasi niseme neno kuhusu hiyo kazi yao ya uhusiano mwema, kwa sababu mimi naishi jirani na saiti.

Nina hoteli ndogo Nyalenda, hapa Kisumu. Asubuhi ni chai na mandazi, mchana ugali kwa omena, au ngege siku ikipatikana. Barabara ya mlangoni kwangu inatiwa lami na mitaro inachimbwa kando yake. Hakuna anayeipinga. Tuliililia sisi wenyewe, maana mvua ikinyesha maji ya huko juu yote hutelemkia kwetu.

Kabla ya kazi kuanza, kampuni ilimtuma dada wa uhusiano. Alikuja na tisheti, kofia na vipeperushi vya rangi, tukakutana uwanja wa kanisa, picha zikapigwa. Binti mwenye adabu zake, aliandika kila tulichosema. Kuhusu vumbi alituahidi kwamba lori la maji litapita alfajiri, kabla watu hawajafungua biashara.

Lori likawa linakuja saa tano. Saa hizo wateja wa chai wameshakwenda zao na karai la mandazi limeota maramu laini kama unga. Nikamuuliza dereva, akasema yeye hutumwa na fomani. Fomani akasema maji ya asubuhi ni ya rola, kwa sababu maramu isipolowa haishindiliki ikashika. Hilo nalielewa, na sitaki nipewe barabara itakayobomoka kabla ya mwaka kwisha. Lakini ahadi ya kanisani fomani hakuwahi kuisikia. Nikampigia dada wa uhusiano, kumbe yuko Nairobi. "Pole sana mama, nitawasilisha." Naye aliwasilisha kweli, kwa meneja wake wa matangazo. Meneja wa matangazo hana lori la maji.

Hapo ndipo penye shida, Mhariri. Hizi kampuni zimemweka mtu wa kuongea na wananchi upande wa matangazo, wakati maneno yetu yote yako upande wa kazi. Mtu huyo anafaa awe kwenye kile kikao cha asubuhi cha injinia na mafomani, pale wanapogawana mashine na kuamua ni wapi patachimbwa. Awe na uwezo wa kusema mtaro huu usipite mlango wa duka leo mpaka mbao za kuvukia zifike. Malalamiko ayaandike kwenye daftari linalokaa saiti, na mbele ya kila lalamiko aandike limejibiwa na nani.

Tena najua inawezekana. Ndugu yangu anaishi Nakuru, ukuta kwa ukuta na kiwanda. Nambari ya simu imepakwa rangi getini, na ukipiga usiku kwa sababu ya harufu, anayepokea ni msimamizi wa zamu mwenyewe. Wakati mwingine jibu lake ni kwamba mtambo umeharibika na harufu itakuwapo hadi asubuhi. Ndugu yangu hufunga dirisha akalala. Hakugawiwa tisheti hata siku moja.

Sheria nayo imeegemea mwanzo mno. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinataka mradi mkubwa utangazwe kwa mabango, gazetini wiki mbili mfululizo, redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano na wananchi isipungue mitatu. Ni vizuri sana. Lakini hayo yote ni kabla ya leseni. Siku tingatinga lilipokata bomba la maji mtaani kwetu, mradi ulikuwa umeshatangazwa zamani, na karatasi iliyobandikwa kwenye kibanda cha mlinzi ilikuwa ya Kiingereza. Redio za Kijaluo tunazisikiliza tangu alfajiri jikoni; tangazo moja tu la kwamba leo hakuna maji lingetuwahi kabla hatujawasha jiko.

Kilichoniudhi zaidi kilifuata baadaye. Vijana walikalia njia, tingatinga likasimama, na mchana huohuo injinia akafika kwa miguu yake, akajibu kila swali kwa Kiswahili safi. Bomba likaunganishwa jioni. Sisi tuliopiga simu kwa heshima tulikuwa bado tunawasilishiwa. Halafu kampuni hizohizo zinalalamika kwamba wakazi wa Kisumu ni wakorofi na wanachochewa na wanasiasa. Nani amewafundisha watu kwamba njia ikifungwa ndipo injinia hutokea?

Kipande kinachofuata kinaelekea sokoni, kwa kina mama wa samaki ambao hawana hata mlango wa kufungia vumbi. Kabla mashine hazijafika huko, tunaomba jina na nambari ya mtu mmoja anayeshinda saiti kila siku, ambaye akimwambia dereva wa lori la maji aanzie sokoni, dereva ataanzia sokoni.

Mama Hoteli,
Nyalenda, Kisumu