Simuleta ya mbio ianzie kwenye fremu, si kwenye mota

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala iliyochapishwa katika gazeti lako kuhusu watu wanaojijengea nyumbani simuleta za mbio za magari, yaani kiti, usukani, pedali na skrini vinavyounganishwa na kompyuta ili kuiga uendeshaji wa gari, na ninampongeza mwandishi kwa kulipa nafasi jambo ambalo kwa kawaida hutajwa kwa mzaha, kana kwamba ni mchezo wa watoto uliowanasa watu wazima. Hata hivyo, ushauri wake mkuu, kwamba anayeanza akusanye fedha zake zote anunue mota ya usukani, ile inayousokota usukani ili mikono ihisi mwenendo wa gari, yenye nguvu kuliko zote anazozimudu, na mengine yatafuata baadaye, ni ushauri unaostahili kupingwa kabla haujawatia watu hasara. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: fremu na kiti vitangulie, breki ifuate, kisha mahali pa skrini, na usukani wa nguvu uje mwisho.

Nianze na mota yenyewe. Usukani wa kuanzia unaoendeshwa kwa gia, kama ule wa Logitech G29, hutoa msokoto wa takriban nyutoni-mita 2 (kipimo cha nguvu ya kusokota), ilhali mota zinazoshikana moja kwa moja na mhimili wa usukani, bila mkanda wala gia katikati, hupatikana zikiwa na nyutoni-mita 20 na hata zaidi. Kwa usukani wenye kipenyo cha milimita 300, nyutoni-mita 20 maana yake ni nguvu ya nyutoni 133 ukingoni, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 13 na nusu, na nguvu hiyo hubadili mwelekeo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mota ya namna hiyo ikifungwa kwenye meza ya kusomea, sehemu kubwa ya kazi yake huishia kuitikisa meza. Mbaya zaidi, kinachopotea kwanza si ile mishtuko mikubwa ya kugonga ukingo wa barabara, bali ishara ndogo ndogo, kama vile usukani kuwa mwepesi ghafla pale tairi za mbele zinapoanza kuteleza, nazo ndizo sababu pekee ya mtu mwenye akili kununua mota ghali. Mnunuzi huyo atakuwa amelipia kitu ambacho mikono yake haitakipata.

Lakini hata mikono si kipimo kikubwa cha fremu. Kipimo kikubwa ni miguu. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu ya kilo 60 anakisukuma kibao cha pedali mbele kwa kiasi hicho, na kwa kiasi hicho hicho mgongo wake unakisukuma kiti nyuma, hivyo kila kilichopo kati ya kisigino na mabega kinavutwa pande mbili kila kona inapowadia. Kiti cha ofisini chenye magurudumu kitarudi nyuma, na kila mtu ataiona kasoro hiyo mara moja. Kiti kilichokazwa vizuri juu ya fremu dhaifu hakirudi nyuma, ila fremu yenyewe hupinda kidogo, na mguu hauwezi kutambua kama kilichosogea ni pedali au ni boriti. Hapo ndipo watu wengi hulaumu programu, tairi au mipangilio ya gari, ilhali tatizo liko chini ya makalio yao.

Wajenzi wengi siku hizi hutumia profaili za alumini zenye mifereji, zile zinazotumika viwandani kuundia vikalio vya mashine, za milimita 40 kwa 80 au 40 kwa 120, zinazoungwa kwa bolti za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, na nati zinazoteleza ndani ya mfereji. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinaweza kulegezwa, kusogezwa milimita chache na kukazwa tena bila kutoboa tundu jipya. Hata hivyo, profaili nzuri huharibiwa na anayeilaza vibaya, kwani boriti ya 40 kwa 80 iliyosimamishwa wima huweza kukaribia kuwa ngumu mara nne kuliko ikilazwa bapa. Kimo cha boriti huingia katika hesabu ya ugumu kwa kipeo cha tatu, na upana huingia mara moja tu. Katika picha za makala ile, boriti mbili zilizobeba pedali zilikuwa zimelazwa bapa.

Asiyezipata profaili hizo asikate tamaa. Plaiwudi ya milimita 18 hudharauliwa bure: ikiundwa kama sanduku, lenye kuta mbili za ubavuni na mbavu za ndani zinazoziunganisha, inabeba breki nzito bila kulalamika. Udhaifu wake ni skrubu, ambazo hulegea ndani ya mbao kila zinapofunguliwa na kurudishwa, kwa hiyo sehemu zote zinazohitaji kurekebishwa zifungwe kwa bolti zinazopenya hadi upande wa pili, pamoja na washa pana, kile kibati cha mviringo chenye tundu, chini ya kila nati. Chuma cha mraba kilichochomelewa ni kigumu kuliko vyote hivyo, ila kinamtaka mtu awe na uhakika wa vipimo vyake kabla ya kuanza kuchomelea. Mabomba ya plastiki, yanayopendwa kwa sababu hukatika kirahisi, nisingemshauri yeyote anayetaka kukanyaga breki kwa dhati.

Vipimo vyenyewe havipatikani katika mchoro wa mtu mwingine, hata awe bingwa, kwa sababu urefu wa paja na wa mkono haulingani kwa watu wote. Utaratibu ulio salama ni kukiweka kiti sakafuni juu ya vipande vya mbao, kukikalia kwa muda wa kutosha, na kumwomba mwenzako apime kabla ya kukata chochote. Mabega yakiwa yameegemea kiti, kifundo cha mkono kiweze kulala juu ya usukani. Breki ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjwa. Anayependa mkao wa magari ya Formula, ambao visigino huinuka hadi kufikia usawa wa makalio au kuupita, aamue mapema, maana kuubadili mkao huo baada ya fremu kukamilika ni sawa na kujenga upya. Kiti kilichotolewa katika gari bovu kinafaa sana, kwa sharti moja ambalo makala haikulitaja: viti vingi vya magari ya kisasa vina mfuko wa hewa wa usalama ubavuni, na mfuko huo lazima uondolewe na fundi anayeufahamu, wala waya zake zisijaribiwe kwa umeme wowote.

Sasa nije kwenye breki, ambayo makala iliipa sentensi moja tu. Pedali nyingi za kuanzia hupima umbali, ama kwa potensiomita, ambayo huchakaa kwa msuguano, ama kwa sensa ya sumaku isiyogusana na chochote. Breki ya gari la mbio haimfundishi dereva hivyo. Pedali yake husogea kidogo, kisha kinachoongezeka ni nguvu ya mguu na mgandamizo wa mafuta ya breki, na mwili wa binadamu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko unavyokumbuka sentimita. Kwa hiyo pedali inayofaa ni ile yenye sensa inayopima mkandamizo, ya jamii moja na ile iliyomo ndani ya mizani ya kielektroniki, ikiegemea vipande vya mpira vya ugumu tofauti ambavyo mwenyewe anaweza kuvibadilisha. Mtu aliyebadilisha breki peke yake, akauacha usukani wake wa zamani, huwa anapata utulivu wa muda wa kila mzunguko wa uwanja ambao mota mpya haiwezi kumpa.

Anayejua kulehemu waya anaweza hata kuiunda mwenyewe, kwa sensa hiyo, kikuza ishara cha HX711 na bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa ya Arduino Leonardo, ambayo chipu yake ya ATmega32U4 hutambuliwa na kompyuta moja kwa moja kama kidhibiti cha michezo, jambo ambalo Arduino Uno ya zamani (hadi toleo la R3) haiwezi kulifanya bila kubadilishiwa programu ya chipu yake ya USB. Kuna mtego mmoja hapa. HX711 ilibuniwa kwa ajili ya mizani, ambayo haina haraka, na inaweza kutoa vipimo 10 au 80 kwa sekunde. Bodi nyingi ndogo zinazouzwa huja zikiwa zimeunganishwa kwa kasi ya 10. Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa hupita karibu mita 7 katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mita 7 ni tofauti kati ya kuingia konani na kuingia kwenye changarawe. Pini ya kuchagulia kasi kwenye bodi ihamishwe kwanza, ndipo mtu aanze kuilaumu miguu yake. Hata kasi ya 80 wapo wasioridhika nayo wanaotafuta kikuza chenye kasi zaidi, na sidhani kama ni wa kuchekwa.

Kuhusu skrini, makala ilisifu ukubwa, lakini kinachomsaidia dereva ni pembe. Skrini ya inchi 27 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa karibu sentimita 60. Jicho likiwa umbali wa sentimita 60, skrini hiyo hujaza pembe ya nyuzi 53 hivi, na ikisogezwa hadi sentimita 90 hubaki nyuzi 37 tu. Pembe hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa katika programu, ingawa baadhi ya programu huuliza pembe ya wima badala ya mlalo. Anayeipanua ili aone vioo na milango yote miwili hupata picha inayokimbia kwa kasi ya kusisimua, lakini kona huonekana mbali kuliko zilivyo na macho hayafundishiki umbali wa kufunga breki. Kwa hiyo skrini ndogo iliyosogezwa hadi nyuma tu ya usukani, juu ya nguzo zake yenyewe ili isitikiswe na mota, inaishinda ile kubwa iliyotundikwa ukutani. Skrini tatu au miwani ya uhalisia pepe ni nzuri kwa anayeweza, na kompyuta yake iwe inaweza pia.

Vitikisa kiti na majukwaa yanayoinua simuleta nzima sitavizungumzia sana, kwani ni mapambo ya mwisho kwa fremu iliyokwisha kuthibitisha ugumu wake. Itoshe kusema kwamba jukwaa hukuza kila ulegevu uliokuwemo tangu awali.

Mwandishi alifunga kwa kusema kwamba vyombo hivi vitabaki kuwa burudani. Sioni ubaya wa burudani, ila historia haimuungi mkono. Edwin Link alipojenga simuleta yake ya ndege mwaka 1929, huko Binghamton, Marekani, alitumia mivukuto na vifaa vya hewa kutoka kiwanda cha ogani cha baba yake, na wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilianza kununua mashine zake mwaka 1934, na baadaye marubani wengi walifundishiwa humo. Katika magari, Jann Mardenborough alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011 lililowatafuta madereva wa kweli miongoni mwa wachezaji wa mchezo wa video wa Gran Turismo, na mwaka 2013 alikuwa katika timu iliyomaliza ya tatu katika LMP2, daraja la magari yaliyobuniwa mahsusi kwa mbio, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Sisemi kila anayekata plaiwudi atafika huko. Ninasema kwamba chombo kilichojengwa kwa vipimo humfundisha mtu kitu cha kweli, na kilichojengwa kwa pupa humfundisha makosa.

Kwa hayo, ninakuomba, Mhariri, makala zijazo juu ya suala hili ziambatane na michoro yenye vipimo badala ya picha za taa za rangi, na ziandikwe na mtu aliyewahi kushika spana. Ombi langu la pili ni la haraka zaidi. Mota ya nyutoni-mita 20 inaweza kumjeruhi mtu kidole gumba au kifundo cha mkono pale gari linapogonga ukuta ndani ya programu na usukani ukajizungusha ghafla. Ndiyo maana wajenzi makini huweka swichi nyekundu ya dharura inayokata nguvu ya mota, mahali ambapo mkono mmoja unafika bila kutafuta, hupunguza nguvu wakati wa majaribio, na huiunganisha fremu ya chuma na waya wa ardhi. Picha kubwa iliyopamba makala ile ilionyesha mota ya aina hiyo bila swichi yoyote, na aliyeketishwa kitini, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, alikuwa mtoto. Ninaomba marekebisho yachapishwe katika toleo lijalo, ukurasa ule ule.

Wako mtiifu,
Msomaji na mjenzi wa simuleta