Taa ya mbele: anza na betri

Rafiki yangu Juma,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia umerudi kwenye baiskeli. Ila hilo la kutoka kazini usiku ukiwa na tochi mkononi limenitia wasiwasi. Breki utaishika na nini?

Unauliza taa ipi ina mwanga mkali kuliko zote. Mimi ningeanza na betri. Taa nyingi siku hizi betri yake imefungiwa humo humo ndani. Betri ya lithiamu huchoka baada ya miaka michache, na hiyo ikichoka unatupa taa nzima hata kama LED yake bado ni nzima kabisa. Yenye betri ya kubadilisha ikizimika njiani, unatia nyingine, unaendelea na safari.

Lakini usidanganywe na boksi. Kuna taa ambazo betri inatoka, sawa, ila umbo lake ni la kampuni ile ile tu, na plagi yake pia. Wakiacha kuitengeneza, umekwama. Tafuta inayotumia betri ya kipimo cha kawaida.

Hapo utakutana na AA, zile za rimoti na saa ya ukutani. Zimejaa kila duka, na ukinunua za NiMH, yaani aina ya kuchaji, unazichaji mara mamia. Za alkalaini ziwe akiba tu, na usizisahau ndani ya taa miezi na miezi, maana huvuja zikala vibati vya ndani. Kama ungekuwa unaendesha usiku mara moja moja, ningekwambia chukua hizo tukamaliza. Wewe wa kila siku nakushauri 18650: lithiamu, nene milimita 18, ndefu milimita 65. Moja hubeba nguvu nyingi kuliko AA tatu za kuchaji. Chukua mbili, moja kwenye taa na nyingine kwenye begi.

Kwenye kuzinunua fungua macho. 18650 nzuri kabisa huishia karibu mAh 3500, hicho ndicho kipimo cha umeme inaobeba. Ukiona imeandikwa 9900, huo ni uongo mtupu, iache hapo hapo. Zenye kinga ndani yake, yaani kisakiti cha kuzuia shoti, huwa ndefu zaidi kwa milimita chache, na taa nyingine hazizipokei. Na tafadhali, usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili inapata moto kweli kweli. Ibebe kwenye kikasha chake cha plastiki.

Ukiwa dukani omba ufungue mfuniko. Tazama springi: zikiwa pande zote mbili, betri haichezi ukipita kwenye mashimo. Nyingine zenye springi upande mmoja tu hupepesa kila tairi linapodunda, jambo linaloudhi sana gizani. Tazama pia mpira wa duara kwenye mfuniko, maana ndio unaozuia maji. Alama ya IPX4, inayoonyesha taa inahimili maji ya kurushwa, inatosha kwa mvua ya kawaida.

Mwanga wenyewe haunipi shida. Lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, 300 hadi 500 zinakutosha, na kwa 300 betri moja nzuri itakuvusha kwa muda wa saa tatu hivi. Mimi naangalia zaidi mwanga unaangukia wapi. Taa nzuri hukata mwanga kwa juu kama ya gari, ukalala barabarani. Ujerumani sheria yao inadai hivyo, taa isimpofushe anayekuja mbele. Kwa hiyo ukiona maelezo yanataja kanuni za huko, ni dalili njema. Ile ya kupepesa kama disko waachie wenye kuipenda.

Kabla hujalipa, pima unene wa usukani pale utakapofunga taa. Katikati mara nyingi ni milimita 31.8 au 25.4, kwenye vishikio 22.2. Niandikie vipimo hivyo nikwambie kama kibano nilichobaki nacho kitakufaa, nikutumie.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rashidi